Konokono wa Tanganika na bahari ambayo haikuwako

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukiwafundisha watoto wa katekisimu habari za Gharika, katika kijiji kimoja cha pwani ya Ziwa Tanganika, upande wa Kongo. Tukaokota kati ya mawe ganda la konokono, nene, lenye mistari iliyoinuka kama mbavu, gumu hata ukilikanyaga kwa kiatu halivunjiki. Tukawaonyesha watoto, tukawaambia: «Tazameni, hiki ni kitu cha baharini. Maji ya Gharika ndiyo yaliyokileta huku bara.» Mtoto mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, akainua mkono: «Mwalimu, mbona konokono huyo yuko hai ziwani? Tunamwona kila siku juu ya mawe.» Watoto wakacheka, na sisi tukacheka pamoja nao, lakini jibu hatukuwa nalo.

Tangu siku ile tumeuliza na kusoma, na tumeona kwamba kosa letu lilikuwa na ndugu mkubwa. Bwana mmoja wa elimu, mwenye akili kutupita sisi, alisafiri mara mbili toka Uingereza hata Tanganika kwa sababu ya maganda kama yale yale, akaandika kitabu kizima kusema kwamba ziwa letu ni mabaki ya bahari ya kale. Jinsi alivyokosea, na jinsi kweli ilivyokuja kuonekana katika magando ya kaa, ndiyo habari tunayotaka kuwapasha.

Wazee wetu, kwa upande wao, walijua vema kitu gani kimetoka baharini. Simbi zilikuja toka mbali, kwa mikono ya wafanyabiashara wengi. Vilevile mpande, kile kisahani cheupe kilichokatwa katika kombe la Bahari ya Hindi, ambacho katika nchi za Watabwa na Waluba kilikuwa alama ya utawala. Vitu hivyo vilikuwa na thamani kwa sababu ziwa halikuvizaa. Konokono wa ziwa aliokotwa bure.

Wazungu wa kwanza kufika Tanganika, Burton na Speke, waliliona ziwa katika mwezi wa Februari 1858. Burton alikuwa hawezi kutembea, na Speke macho yake yalikuwa yameugua hata ziwa lenyewe alilitazama kama katika ukungu. Hata hivyo Speke ndiye aliyevuka kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge, karibu na pwani ya Kongo, kutafuta chombo kikubwa cha kusafiria. Chombo hakukipata, lakini alirudi Ulaya na maganda ya konokono na makombe. Katika mwaka 1859 Woodward, mwenye maarifa ya viumbe hao, aliyaandika huko London: aina nne, mbili za konokono na mbili za makombe ya vipande viwili. Mmoja wa konokono hao leo anaitwa Spekia zonata, na mwingine Lavigeria nassa. Jina la Speke mnalitambua mara moja. Jina la pili tutalieleza sasa hivi, maana ndilo linalotugusa zaidi.

Baada ya Speke alikuja Edward Hore, baharia wa misioni ya Waprotestanti wa London, aliyefika Ujiji mwaka 1878. Huyo alizunguka pwani zote kwa chombo chake, akapeleka maganda mengi kwao. Mwaka 1880 Edgar Smith alimwandika konokono mmoja wa ajabu, mwenye miiba mirefu kama taji, akampa jina la Tiphobia horei. Tafadhali msimsahau huyo wa miiba, atatusaidia mbele.

Mapadri Weupe waliingia Ujiji mnamo Januari 1879. Mwaka 1885 walizipokea Karema na Mpala toka mikononi mwa watu wa Mfalme Leopold II. Kazi yao tunaijua: kufundisha Neno la Mungu, kulima, kujenga, kuwakomboa watumwa, na kuzika wenzao waliokufa kwa homa. Lakini kati ya mizigo iliyotoka pwani kwenda Ulaya, ikichukuliwa vichwani na wapagazi hata Bahari ya Hindi, kulikuwa na vifurushi vya maganda ya konokono. Vilikwenda Ufaransa kwa bwana mmoja, Jules Bourguignat, ambaye hakukanyaga kamwe mchanga wa Tanganika.

Bourguignat alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliisema sana. Kila ganda lililopishana kidogo na jingine, yeye alilifanya aina mpya na kulipa jina jipya. Mwaka 1888 alitoa kitabu cha picha za konokono na makombe wa Tanganika, na majina mengi aliyatoa katika orodha ya wamisionari. Konokono wale wagumu wenye mbavu aliwaita Lavigeria, kwa heshima ya Kardinali Lavigerie aliyewaanzisha Mapadri Weupe. Tena mwaka ule ule 1888 ndio Kardinali alipozunguka Paris, London na Brussels akipiga vita biashara ya watumwa, biashara iliyokuwa ikiimaliza mikoa yetu ya pwani. Konokono mwingine aliitwa Bridouxia, kwa ajili ya Askofu Bridoux aliyeaga dunia mwaka 1890. Mwingine Joubertia, kwa ajili ya Kapteni Joubert aliyefika Mpala mwaka 1887 kuwalinda watu na washika watumwa, akabaki katika nchi yetu hata kufa kwake mwaka 1927. Kombe moja linaitwa Moncetia, kwa ajili ya Padri Moncet.

Lakini majina hayachagui watakatifu tu. Konokono mmoja mdogo anaitwa Stormsia, kwa jina la Storms, askari Mbelgiji aliyeianzisha Mpala mwaka 1883. Watu wa Marungu wanamkumbuka kwa jambo jingine: mwaka 1884 watu wake walimwua mtemi Lusinga, na kichwa cha mtemi kikapelekwa Ubelgiji. Na katika orodha yote ya Bourguignat hatukuona jina la mvuvi hata mmoja wa Kitabwa wala wa Kibembe, ingawa wao ndio waliokuwa wakilijua ziwa na mawe yake.

Sasa tufike kwa bwana wetu wa bahari. Jina lake John Moore. Alikuja Tanganika mara ya kwanza mwaka 1895, akarudi tena mwaka 1899. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Yeye na mwenzake Farmer ndio waliolitoa, mwaka 1905, neno ambalo wanafunzi wa elimu ya viumbe wanalitumia hata leo kwa namna ya chembe za uzazi zinavyojigawa. Moore alitazama maganda ya Tanganika akastaajabu. Konokono wa maji matamu, kila mahali alipowaona, walikuwa na ganda jembamba, laini, la rangi ya matope, ambalo mtoto aweza kulivunja kwa vidole. Hawa wa Tanganika walikuwa wanene, wenye mbavu, vifundo na midomo iliyokazwa, sawasawa na konokono wa baharini. Tena katika maji ya ziwa mlikuwa na kiwavi-maji, kile kiumbe laini kama ute kinachoelea, ambacho jamaa zake karibu wote ni wa baharini. Moore akachukua maganda ya Tanganika akayaweka kando ya maganda ya mawe yaliyochimbwa Ulaya, mabaki ya bahari ya zamani mno, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Akaona yanafanana. Katika kitabu chake cha mwaka 1903 akasema: hapa palikuwa na bahari, bahari ikaondoka, ziwa likabaki, na konokono hawa ni wazee wa bahari ile waliosahauliwa bara.

Fikra hiyo ilipendeza watu wengi, wala hatushangai. Hata sisi na Gharika yetu tulifuata njia ile ile: ganda linafanana na la bahari, basi limetoka bahari.

Mwaka 1904 alitumwa mwingine, Cunnington, kwenda kuchunguza maneno ya Moore. Alikaa ziwani hata mwaka 1905, akakusanya si konokono tu, bali samaki, kaa, majani na wadudu wa majini. Alipokwisha kuyapima yote hakuona bahari. Samaki wa Tanganika ni jamaa za samaki wa mito ya Afrika. Kaa wake ni jamaa za kaa wa mito. Na konokono wenyewe, ukiacha ganda ukatazama mwili, ni jamaa za konokono wa mito. Wenye maarifa ya mawe nao wamethibitisha kwamba ziwa letu lilizaliwa nchi ilipopasuka na kuzama, kama miaka milioni 9 hata 12 iliyopita. Huo ni uzee mkubwa kwa ziwa, lakini ni ujana kabisa mbele ya bahari aliyoiota Moore.

Basi, bahari ikaondolewa, lakini swali likabaki pale pale juu ya jiwe: kwa nini ganda hili ni gumu hivi? Wabelgiji walifanya safari kubwa ya uchunguzi ziwani mwaka 1946 na 1947, na Leloup akaandika kitabu cha konokono mwaka 1953. Alipunguza sana majina ya Bourguignat, akiona mengi ni ya aina moja. (Siku hizi, kwa kupima damu na nyama, wataalamu wanasema kwamba Lavigeria ni aina makumi, huenda yule Mfaransa aliyechekwa hakukosa yote.) Lakini sababu ya ugumu haikuonekana katika vitabu vya majina.

Wengine walisema ni maji. Maji ya Tanganika yana chokaa nyingi iliyoyeyuka, basi konokono hujenga nene kwa sababu chokaa haina gharama. Neno hili lina akili, lakini mkumbukeni yule konokono wa miiba, Tiphobia. Yeye huishi chini kwenye matope laini, katika maji yale yale ya ziwa lile lile, na ganda lake ni jembamba. Kama maji peke yake yangetosha kunenepesha, yeye naye angenenepa.

Jibu lililo bora lilitolewa mwaka 1991 na Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron, wataalamu waliotoka Marekani. Wao hawakutazama konokono peke yake. Walimtazama pia jirani yake, kaa. Katika Tanganika mna kaa wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na mkubwa wao, Platythelphusa armata, ana magando makubwa na manene kupita kaa wa mitoni, kama koleo za mhunzi. Kaa huyo hula konokono. Humshika, humgeuza, huingiza gando katika kinywa cha ganda na kuuvunja ukingo, kipande kwa kipande, akifuata msokoto kuelekea ndani, kama mtu anayemenya chungwa. Au kama ganda ni dogo, hulibana lote mara moja hata lipasuke. Konokono hana mguu wa kukimbilia. Hujivuta ndani, hufunga kifuniko chake, hungoja. Kama ukingo ni mnene, kaa huchoka na kumwacha.

Wataalamu wale waliyabonyeza maganda kwa chombo cha kupimia nguvu, wakaona kwamba maganda ya Tanganika yanahitaji nguvu kubwa kuliko ya jamaa zao wa mito na maziwa mengine, yakakaribia nguvu za maganda ya baharini. Wakaona na alama. Konokono aliyeponyoka hujenga tena pale palipovunjika, na ganda lake hubaki na kovu: mstari uliopinda, usiolingana na mistari mingine, unaokata mbavu katikati. Makovu hayo ni mengi katika maganda ya Tanganika. Nasi tulikwenda kutazama. Haikutupasa kutafuta sana. Ganda lile tulilowaonyesha watoto lilikuwa na kovu mbili, na siku ile hatukuziona kwa sababu tulikuwa tukisema habari za bahari.

Yaani bahari na ziwa vimefanana kwa sababu shida ni moja. Baharini kuna kaa wenye magando makubwa na samaki wavunja maganda. Katika ziwa lililokaa mamilioni ya miaka bila kukauka, wavunjaji nao wamekuwa wengi na wenye nguvu, hata samaki wengine wana meno ya kusagia kooni. Kizazi baada ya kizazi, konokono mwenye ganda dhaifu aliliwa kabla ya kuzaa, mwenye ganda gumu alizaa. Na kaa mwenye gando dhaifu alilala njaa. Katika mto mdogo unaokauka na kuanza tena, mashindano ya namna hiyo hayapati muda.

Inafaa sasa tuingie ndani ya ganda lenyewe, maana hapa pana jambo zuri kuliko yote. Ganda la konokono limejengwa kwa madini yale yale ya chokaa, zaidi ya sehemu 95 katika 100. Kilichobaki ni utando mwembamba sana unaotoka katika mwili wa konokono. Jiwe la chokaa mnalijua: ukilipiga nyundo ufa hupita moja kwa moja, likaachana. Iweje basi kitu cha chokaa kimshinde kaa?

Tazameni kwanza kombe la vipande viwili, kama lile la Speke linaloitwa Pleiodon spekii. Ndani linang'aa. Mng'ao ule ni vibamba vidogo mno vya chokaa, visivyoonekana kwa macho, vilivyopangwa safu juu ya safu, na kati yao ule utando mwembamba ukiwa kama udongo wa kuungia. Fundi wa matofali anafahamu neno hili. Ukijenga ukuta na kuziacha njia za udongo zikutane juu kwa chini, ukuta utapasuka kwa mstari mmoja. Ukipishanisha matofali, ufa hulazimika kupinda kulia, kupinda kushoto, na nguvu yake huishia njiani.

Konokono wetu wagumu hawakujengwa kwa matofali. Wao ni kama kazi ya seremala. Vipande vyembamba vimesimama bega kwa bega kama mbao. Ndani ya kila ubao nyuzi za chokaa zimelala zikiinama upande mmoja, na katika ubao wa jirani zimeinamia upande wa pili, hata zinakatana kama fito za paa. Hilo ni tabaka moja. Juu yake kuna tabaka jingine la mbao za namna hiyo hiyo, lakini zimegeuzwa: kama za chini zinaelekea mlangoni, za juu zinaelekea ukutani. Ufa ukianza huweza kupenya kati ya mbao za tabaka la kwanza, ukifika la pili unakuta mbao zimekingama njia. Badala ya ufa mmoja mkubwa, zinatokea nyufa ndogo nyingi, na kila moja inakula sehemu ya nguvu ya kaa. Wataalamu walipolipima kombe moja kubwa la bahari ya Karibi lenye ujenzi huu, katika kazi iliyotolewa mwaka 2000, waliona kwamba kulivunja kunahitaji kazi ya maelfu ya mara kuliko kuyavunja madini yake matupu. Na West na Cohen mwaka 1996 walionyesha kwamba konokono wa Tanganika wenye matabaka mengi zaidi ya namna hiyo ndio wenye ganda la nguvu zaidi. Kwa hiyo unene peke yake si habari yote. Kuta mbili za unene mmoja zaweza kutofautiana kwa ufundi wa ndani.

Umbo nalo linasaidia. Msokoto wa ganda ni kama tao la mlango wa kanisa: uzito ukilalia juu, hugawanyika pande zote. Mbavu hukaza ukuta bila kuongeza chokaa mahali pote. Mdomo mnene hulinda pale adui anapoanzia.

Tulirudi kwa wale watoto tukawaambia kwamba tulikosea, tukawapa ganda walitafute kovu. Yule mtoto wa mvuvi alituambia kwamba baba yake anajua tangu zamani kwamba kaa hula konokono, maana wakivuta wavu usiku husikia wakivunja. Tungalimwuliza yeye kwanza.

Neno moja limebaki, nalo tulilipata kwa kuuliza kwa nini mahali pengine penye mawe hapana konokono tena. Milima ya pwani, hasa upande wa kaskazini, imekatwa miti na kulimwa hata kwenye miteremko mikali. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu hushuka ziwani na kuyafunika mawe. Cohen na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba palipo na udongo mwingi hivi aina za viumbe zimepungua. Lavigeria wa mawe hula ule utelezi wa kijani unaoota juu ya jiwe. Jiwe likifunikwa na tope, chakula kimekwisha, na ganda lililomshinda kaa halimsaidii hapo.